Kodi ya Mwezi wa Kumi na Tatu

Keateka aliingia chumbani na tochi ya simu imewaka, ilhali ilikuwa saa nane mchana na mlango uko wazi. Vitu vyangu vilikuwa vimekwisha kupakiwa kwenye pikapu: kitanda, meko ya gesi, ndoo mbili, katoni za vitabu. Chumba kilibaki kitupu. Nilikuwa nimekipiga deki asubuhi ile kwa sabuni ya unga mpaka sakafu ikang'aa, kwa sababu nilijua ukaguzi unakuja na nilitaka kuondoka kwa heshima. Akapitisha mwanga polepole, ukuta kwa ukuta, hadi akafika juu ya mahali kilipokuwa kitanda. Hapo palikuwa na msumari mmoja, na chini ya msumari palikuwa na mraba mweupe kuliko ukuta wote, mahali kalenda zangu zilipokuwa zikining'inia kwa miaka mitatu. Akaugusa mraba kwa kidole. Akautikisa msumari. Kisha akasema huku ameangalia pembeni: "Mwalimu, hii ni rangi. Mzee atasema ni rangi."

Na mzee, mwenye ploti, alisema ni rangi. Dipoziti yangu ilikuwa shilingi 4,500, kodi ya mwezi mmoja, niliyomkabidhi mkononi siku ya kwanza kabla sijapewa ufunguo. Siku ya kuhama aliniambia kwa simu, "Mwalimu, ngoja mwingine aingie kwanza, nitakutumia." Mwingine aliingia baada ya siku nne, jirani ndiye aliyenipigia kunijulisha. Nilipompigia mzee akasema fundi bado anapiga hesabu. Wiki ya tatu akasema rangi imekula yote. Tangu hapo simu yangu ikawa inaita tu mpaka inakatika.

Siandiki haya ili nirudishiwe 4,500. Naandika kwa sababu tangu siku ile nimewauliza watu wa Masimba nilikokuwa nimepanga, wa Keroka, wa Kisii mjini na wa Nyamira, huku kwetu Gusii, swali moja, "Ulipohama, ulirudishiwa dipoziti?" na mara nyingi nimejibiwa kwa kicheko. Muuguzi alicheka. Fundi cherehani alicheka. Kijana wa kibanda cha M-Pesa alicheka mpaka akaweka simu chini. Kicheko kile kiliniuma kuliko hasara yangu. Watu wazima, wenye kazi zao na watoto wao, wamekubali kwamba pesa yao ikishaingia mfukoni mwa mwenye ploti imezikwa, na hakuna haja ya kuomboleza.

Mimi sijakubali. Kushika pesa ya mtu bila sababu, ukijua hana sababu ya kukuachia, ni wizi. Hauwi kitu kingine kwa kuwa aliyeufanya ana ploti ya ghorofa mbili na huketi mbele kanisani.

Tuanze na kujua dipoziti ni kitu gani, maana hapa ndipo landilodi wetu wanapojifanya hawaelewi. Kodi ni malipo ya kukaa. Umekaa mwezi, umelipa, imekwisha, pesa ni ya mwenye nyumba na akitaka aichome. Dipoziti haijalipia kitu. Kiswahili kina neno lake la miaka mingi: amana. Mpangaji ameiweka kwako uishike, ili kama atavunja kioo na kutoroka, kioo kiwe na wa kukilipia. Asipovunja, inamrudia. Na jambo hili si geni kwa Abagusii hata kidogo. Babu zetu waliweka ng'ombe kwa jamaa na marafiki wa mbali wawafugie, na aliyefugiwa aliweza kukaa miaka bila kumwona mnyama wake. Mfugaji alikunywa maziwa, ndiyo. Lakini ng'ombe hakuwa wake, ndama hakuwa wake, na ukoo mzima ulijua hivyo. Siku mwenyewe alipokuja kumchukua, kumwambia "ngoja kwanza nipate ng'ombe mwingine ndipo nikupe wako" kungekuwa fedheha ya kizazi.

Hilo ndilo neno ambalo landilodi wa leo anamwambia mpangaji bila haya. Ngoja mwingine aingie. Lichunguze vizuri neno hilo, kwa sababu ni kukiri kwa mdomo wake mwenyewe kwamba pesa uliyompa haipo. Aliila. Alinunulia mabati, alilipia karo ya mtoto, alipeleka kwenye mkopo wa ushirika, na sasa anasubiri dipoziti ya mgeni ili azibe tundu la yule anayeondoka. Na mgeni akija, kwa nini azibe? Anayeondoka ameshaondoka.

Hapo ndipo siri yote ilipo. Siku ya kuhama, wawili hawa hawana nguvu sawa. Pikapu inangoja na dereva anahesabu saa. Mwalimu anatakiwa kuripoti shule mpya Jumatatu. Muuguzi amehamishiwa hospitali ya mbali. Mwaka 2018, Tume ya Huduma kwa Walimu ilipoanza kuwatoa walimu katika kaunti zao na kuwapeleka kwingine, wako waliofungasha nyumba nzima kwa notisi fupi na kwenda mahali wasipojua mtu. Nani kati yao angebaki Masimba wiki mbili kumvizia landilodi mlangoni? Mwenye ploti anajua. Anachohitaji ni kukawia. Kila siku inayopita, yule anayemdai anazidi kuwa mbali, na nauli ya kurudi kudai inazidi kuikaribia pesa yenyewe.

Sasa piga hesabu nami. Chukua ploti ya vyumba 20 vya singo, kila kimoja kodi yake 3,000. Kila mpangaji ameweka dipoziti ya mwezi mmoja. Mwenye ploti ameshika 60,000 za watu. Kama vyumba hivyo vinabadilisha wapangaji mara moja kwa mwaka na hakuna anayerudishiwa, mwisho wa mwaka 60,000 zimekuwa zake, na 60,000 nyingine mpya zimeingia mkononi. Kalenda ya watu wote ina miezi 12. Yake ina 13, na mwezi huo wa kumi na tatu hakuna mtu aliyelala ndani ya nyumba yake hata usiku mmoja.

Serikali nayo inaijua ile miezi 12 vizuri. Tangu Januari 2024, mwenye nyumba za makazi anayepata kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 za kodi kwa mwaka anatakiwa kulipa Mamlaka ya Ushuru asilimia 7.5 ya mapato hayo. Kabla ya hapo ilikuwa asilimia 10. Ploti yetu ya vyumba 20 huingiza 720,000 kwa mwaka, kwa hiyo ushuru wake ni 54,000. Sina neno juu ya hilo, alipe. Ila niambieni ni landilodi gani aliyewahi kuandika katika ripoti yake ya ushuru zile 60,000 alizowanyima waliohama. Ukishaamua pesa ya dipoziti ni yako, imekuwa mapato. Hataziandika, kwa sababu kuziandika ni kusaini kwamba alizichukua.

Na sababu zenyewe wanazotoa! Ninazikusanya kama mtu anavyokusanya risiti.

Rangi ndiyo mama yao. Ukuta uliokaliwa na mtu miaka mitatu utapauka, utapata alama ya bega karibu na swichi, utapata tundu la msumari. Huko ndiko kukaa. Ndicho kitu ambacho kodi imelipia kila mwezi. Mimi nililipa 4,500 mara 36, jumla 162,000, na ndani ya pesa hiyo hapakupatikana debe moja la rangi ya maji? Mwenye nyumba anayetaka ukuta ubaki kama siku ulipopakwa asipangishe, afunge mlango aweke nyumba yake ya maonyesho.

Kuna ukungu. Masaba, upande huu wa Masimba, ni nchi ya baridi na mvua. Gusii hupata mvua ya zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka, na mtu aliyezaliwa hapa anajua nguo zinavyokaa siku tatu kwenye kamba bila kukauka. Nyumba nyingi za ploti zimejengwa kwa haraka, msingi umewekwa bila karatasi ya kuzuia unyevu, plasta nyembamba, dirisha moja dogo upande wa ukumbi. Maji hupanda kutoka ardhini, ukuta unaota kijani kisha cheusi. Mpangaji anaishi nao, watoto wanakohoa nao, anausugua kwa Jik kila Jumamosi. Siku ya kuhama anaambiwa ukungu ni uchafu wake. Fundi cherehani niliyemtaja alikatwa 2,000 kwa ukungu uliokuwa nyuma ya kabati, mahali alipoukuta siku alipoingia. Alipomwambia landilodi hivyo, aliulizwa, "Una ushahidi?" Hakuwa nao. Mwenye nyumba pia hakuwa na ushahidi wa kinyume, lakini yeye hahitaji ushahidi. Yeye ana pesa mkononi, na katika ugomvi wa aina hii anayeshika pesa ndiye hakimu.

Na kuna dipoziti ya stima. Hii inanipandisha damu. Zamani, enzi za bili ya mwisho wa mwezi, ilikuwa na maana: mpangaji angeweza kuondoka ameacha deni Kenya Power. Lakini ploti zetu nyingi leo zina mita za tokeni. Unanunua kwanza, unawasha baadaye. Tokeni zikiisha, giza. Deni la stima litatoka wapi? Hata hivyo bado kuna wanaodai 1,000 ya stima kwenye nyumba ya tokeni, juu ya dipoziti ya chumba, na kuna wanaoongeza ya maji mahali ambapo maji ni ya tangi la mvua. Hizo hazina hata kisingizio. Na nani amewahi kuziona zikirudi?

Nitasema pia habari ya mtoto aliyechora ukutani kwa penseli. Mama yake analea watoto wawili peke yake, anauza mboga. Alinunua kifutio dukani, akafuta mchoro wote usiku wa mwisho akitumia mwanga wa simu, kwa kuwa tokeni zilikuwa zimeisha na hakutaka kumnunulia atakayekuja. Asubuhi kuta zilikuwa safi. Landilodi alisema amefuta vibaya. Dipoziti yote ikabaki. Nilipomuuliza kwa nini hakwenda kwa chifu, alinijibu, "Mwalimu, nikienda kwa chifu kesho nani atanipa nyumba hapa?"

Jibu hilo lina uzito kuliko sheria zote ninazotaka kuzitaja, lakini nazitaja, kwa sababu sheria ndizo zilizomwacha mama huyu peke yake.

Kenya ina sheria ya kumkamatia mpangaji mali. Ni Sura ya 293, inayompa mwenye nyumba anayedai kodi njia ya kumtuma dalali achukue vyombo vya mpangaji. Mizizi yake ni sheria za Uingereza za karne ya 17. Uingereza wenyewe waliachana na utaratibu huo kwa nyumba za makazi mwaka 2014. Sisi tumeuhifadhi. Kwa hiyo mpangaji akichelewa kulipa, mwenye nyumba ana dalali. Mwenye nyumba akikataa kurudisha, mpangaji ana nini?

Atakwambia mtu, kuna Sheria ya Kudhibiti Kodi ya Nyumba, Sura ya 296, na baraza lake la kusikiliza kesi. Ipo. Lakini inahusu nyumba ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Uliza leo Masimba, tena Masimba ambako si jijini, bedsita ni ngapi. Nyumba ya 3,000 iko nje ya sheria hiyo. Kiwango hicho kiliwekwa enzi ambapo 2,500 ilikuwa kodi ya mtu mwenye mshahara mzuri; kimeachwa hapohapo huku mkate, nauli, karo na kodi vikipanda, mpaka sheria iliyokusudiwa kuwalinda wengi imebaki kuwalinda wachache wa vyumba vya mabati. Hawakuifuta. Waliiacha iozee kwenye tarakimu. Wenye maduka walau wana sheria yao, Sura ya 301, na baraza lao la nyumba za biashara. Anayelala ndani ya nyumba ana ulinzi mdogo kuliko anayeuzia ndani yake.

Mwaka 2021 kulikuwa na mswada wa kuziunganisha sheria hizi tatu ziwe moja inayoeleweka. Wabunge wetu waulizwe uliishia wapi, na waulizwe katika mikutano ya hadhara, kwa sauti, kila wanapokuja kuomba kura. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya makazi yanayofikika na ya kiwango cha kufaa. Makazi hayafikiki kwa mtu ambaye kila akihama anatozwa mwezi mzima kwa kosa la kuondoka.

Mahakama? Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo ya mwaka 2016 ni nzuri, nakiri kwa moyo mweupe. Inashughulikia madai yasiyozidi shilingi milioni moja, mtu anaweza kujisimamia bila wakili, kesi inapaswa kumalizika ndani ya siku 60, na miongoni mwa madai inayoyapokea ni pesa zilizoshikwa na mtu mwingine. Dipoziti ni nini kama si hiyo? Ila mama wa mboga anayedai 3,000 atafunga kibanda siku ngapi? Udogo wa madai haya ndio ngao ya mwenye ploti. Angemchukulia kila mmoja 300,000, mahakama za nchi hii zingejaa. Anachukua 3,000 kwa huyu, 4,500 kwa yule, kiasi ambacho kila mtu akikitazama peke yake anasema, wacha nimwachie Mungu. Mungu ameachiwa dipoziti nyingi sana Gusii.

Sasa niseme na kundi moja kwa jina, kwa sababu wao hawana udhuru wa kutojua. Abagusii wengi wanaishi Minnesota, Marekani, hasa Brooklyn Park na vitongoji vingine vya Minneapolis. Ni watu wa kazi. Wanakesha wakihudumia wagonjwa na wazee, na dola zao zimejenga sehemu kubwa ya hizi ploti za mawe tunazoziona zikiota kando ya barabara zetu. Tunawaombea na tunajivunia. Lakini wanajua kitu ambacho keateka wao hataki kukisikia. Sheria ya jimbo la Minnesota inampa mwenye nyumba majuma matatu baada ya mpangaji kuhama na kuacha anwani yake. Ndani ya muda huo lazima arudishe dipoziti pamoja na riba ya asilimia 1 kwa mwaka, au aandike barua inayoeleza amekata nini na kwa sababu gani. Uchakavu wa kawaida haukatwi. Asipofanya hivyo, anadaiwa kiasi kingine sawa na kile alichokizuia, na ikithibitika alizuia kwa nia mbaya, anaweza kuongezewa hadi dola 500.

Ndugu yangu wa Brooklyn Park, wewe ulipohama kutoka kwenye nyumba yako ya kwanza ya kupanga huko, ulipokea hundi yako. Uliihesabu. Kama ingepungua ungepiga simu, na ungekuwa na haki. Basi kwa nini mpangaji wako wa Masimba aambiwe angoje mwingine aingie? Ploti ni yako, jina kwenye hati ni lako, na keateka anapokea mshahara wako. Mpigie leo. Mwambie asome orodha ya waliohama mwaka huu.

Uingereza nao, tangu Aprili 6, 2007, waliona kwamba pesa hii haifai hata kukaa mfukoni mwa mwenye nyumba. Inatakiwa kuandikishwa katika mpango uliotambuliwa na serikali ndani ya siku 30, na asiyefanya hivyo mahakama inaweza kumwamuru amlipe mpangaji hadi mara tatu ya dipoziti. Hawakufanya hivyo kwa sababu Waingereza ni waaminifu kuliko sisi. Walifanya kwa sababu wenye nyumba wao walikuwa wakifanya haya haya.

Najua wenye ploti wana majibu, na moja kati ya hayo ni la kweli. Wapo wapangaji wabaya. Wapo wanaohama usiku wakiwa wanadaiwa miezi miwili, wanaong'oa soketi na kwenda nazo, wanaoziba choo kwa nepi na kuondoka. Wapo walimu wenzangu miongoni mwao, inaniuma kusema. Kwa watu hao dipoziti ikatwe mpaka senti ya mwisho, na haitatosha. Pia najua mwenye ploti wa Gusii si tajiri wa sinema. Kisii ilihesabiwa kuwa na watu 1,266,860 katika sensa ya 2019, Nyamira 605,576, na ardhi imegawanywa mpaka mtu anarithi kipande kisichotosha migomba kumi. Wengi waliojenga vyumba vya kupangisha walifanya hivyo kwa kuwa shamba halilishi tena, na mkopo wa ushirika unakatwa kila mwezi, chumba kiwe na mtu kisiwe na mtu.

Lakini soketi hulipwa kwa bei ya soketi. Anayekata aonyeshe kilichovunjika na risiti ya kukirekebisha, abakishe hiyo, arudishe nyingine. Mkopo wako si kosa la aliyehama. Tena mtazame tabia hii imewaletea nini nyinyi wenyewe. Kwa kuwa kila mpangaji anajua hatarudishiwa, kila mwerevu siku hizi anakalia dipoziti: mwezi wa mwisho halipi kodi, anakwambia "kata kwenye dipoziti," na siku anapotoka huna kitu mkononi hata kama amebeba mlango. Yule aliyekalia dipoziti mnamwita mkorofi. Mimi namwona mtu aliyejifunza kutoka kwenu. Anayeumia ni yule mwaminifu aliyelipa mpaka siku ya mwisho, akapiga deki, akasubiri. Mmejenga utaratibu ambao ndani yake mwaminifu pekee ndiye anayeibiwa.

Hili halihitaji kungoja Nairobi. Jedwali la Nne la Katiba limezipa kaunti jukumu la mipango na maendeleo, na makazi yametajwa humo. Bunge la Kaunti ya Kisii na la Nyamira, na yote mawili yanahusika maana Keroka yenyewe imekaa juu ya mpaka wao, yaandike sheria fupi: siku 14 za kurudisha, maandishi ya kila kilichokatwa pamoja na risiti, na asiyetimiza alipe mara mbili. Karatasi moja ya kuingilia, yenye sahihi mbili, inayosema ukuta ukoje, kitasa kikoje, mita inasoma ngapi. Chifu na naibu wake, ambao kesi hizi huwafikia kila wiki hata kama si mahakama, wapewe nakala ya fomu hiyo waitundike ofisini. Vyama vya walimu na vya wauguzi, vyenye nguvu ya kufunga shule na hospitali kwa madai ya mishahara, viwe na daftari la ploti zisizorudisha. Kila mwalimu mpya anayetumwa Masaba alisome kabla hajatoa shilingi.

Mwezi uliopita nilikuwa na shughuli Masimba, nikapita kumsalimu yule jirani. Mlango wa chumba changu cha zamani ulikuwa wazi. Mpangaji aliyepo ni mama kijana, ana mtoto wa miezi minane. Jirani alimwambia, "Huyu ndiye mwalimu aliyekuwa anakaa hapa," naye akanikaribisha ndani kwa uchangamfu. Kitanda chake kimekaa mahali changu kilipokuwa. Juu yake kuna kalenda ya duka la dawa, ndogo kuliko yangu, na pande zote nne za kalenda ile, ukingo wa mraba wangu mweupe umejitokeza kama fremu. Msumari ni ule ule.

Nikamuuliza palipakwa rangi lini. Akasema alikikuta hivihivi. Aliweka dipoziti ya 5,000. Risiti? "Alisema tutaandikiana baadaye, lakini sasa ni miezi."

Akampa jirani mtoto. Tukaishusha kalenda, nikamshikia taa, akapiga picha kwa simu yake: mraba, msumari, soketi isiyo na kifuniko karibu na mlango, kioo cha dirisha chenye ufa, ukungu wa pembeni kutoka sakafuni mpaka usawa wa goti, sinki la nje linalovuja. Picha kumi na moja. Akazituma kwa landilodi kwenye WhatsApp, na chini yake akaandika, "Mzee shikamoo. Chumba nilikikuta hivi siku niliyoingia. Naomba uhifadhi." Tukasimama tukiangalia simu. Zile alama mbili zikageuka buluu.

Akaitundika kalenda yake tena kwenye ule msumari, akaenda kumchukua mtoto.